Nimonia na Ulinzi wa Mapafu: Mwongozo kwa Familia Zinazoishi Uingereza

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na pamoja na hewa huingia vumbi, moshi na viini vya maradhi. Hata hivyo, siku nyingi hupita bila yeye kuugua, kwa sababu njia ya hewa ina walinzi waliopangwa kuanzia puani hadi ndani kabisa ya mapafu. Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, hutokea pale walinzi hao wanapozidiwa.

Jinsi mwili unavyojilinda

Mlinzi wa kwanza ni pua. Vinyweleo na kamasi hunasa chembe kubwa, na hewa hupashwa joto kabla ya kushuka. Wa pili ni kidakatonge, ambacho hufunika njia ya hewa wakati wa kumeza ili chakula kisiingie mapafuni. Wa tatu ni ute uliotanda ndani ya mirija ya hewa. Chembe ndogo hunata humo, na vijinywele visivyoonekana kwa macho husukuma ute huo juu hadi kooni, ambako humezwa au hutemwa. Kikohozi husaidia kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana si kila kikohozi kinafaa kuzimwa kwa dawa.

Viini vikipenya hadi kwenye vifuko vya hewa, hukutana na seli zinazovimeza na kuviangamiza. Seli hizo zikizidiwa, mwili huleta seli nyingine za damu kusaidia. Katika mapambano hayo vifuko hujaa majimaji na usaha, na oksijeni hupita kwa shida kuingia katika damu. Hiyo ndiyo nimonia.

Husababishwa na bakteria, virusi na, mara chache, kuvu. Kutembea bila viatu au kulala sakafuni hakuleti nimonia. Majira ya baridi huongeza hatari hasa kwa sababu watu hukaa pamoja ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na viini huambukizwa kwa urahisi.

Yanayodhoofisha ulinzi

Moshi wa sigara na wa shisha hulemaza vile vijinywele, ute ukabaki kifuani. Moshi wa udi na ubani nao huwasha njia ya hewa. Ni vema chumba kifunguliwe madirisha, na watoto wachanga na wenye pumu wakae mbali. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba, kwani hutoa pia gesi ya sumu isiyo na harufu.

Mafua makali ya influenza huharibu utando wa mirija ya hewa na kuwafungulia bakteria njia. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na wenye kisukari, pumu, maradhi ya moyo au selimundu.

Chanjo

Bakteria anayesababisha nimonia mara nyingi huitwa nimokokasi. Amejifunika gamba linalomwezesha kuziponyoka seli zinazomeza viini. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazonata kwenye gamba hilo, na hapo seli humtambua. Nchini Uingereza chanjo hii hutolewa bure kwa watoto wachanga, waliotimiza miaka 65, na wenye baadhi ya maradhi ya kudumu. Chanjo ya influenza hutolewa kila mwaka kwa makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wajawazito.

Chanjo ya influenza ya watoto inayopulizwa puani ina jelatini ya nguruwe. Mzazi asiyeikubali anaweza kuomba sindano isiyo na jelatini hiyo. Hana haja ya kumwacha mtoto bila kinga.

Dalili za kuangaliwa

Dalili za kawaida ni homa, kikohozi, makohozi, maumivu ya kifua na kuhema. Kwa mtoto, pumzi zihesabiwe kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida akifikisha:

- pumzi 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa wala kikohozi. Huenda dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa ghafla.

Kupata msaada

Mwenye dalili hizi aonane na daktari wa familia, au apige simu 111 wakati wowote. Ipigwe 999 mara moja iwapo mgonjwa anapigania pumzi, kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta hewa, mgonjwa haamki kwa urahisi au amechanganyikiwa ghafla. Kwa mwenye ngozi nyeusi, weupe au ubuluu wa hatari hutazamwa kwenye midomo, ulimi, ufizi na viganja.

Mkalimani wa Kiswahili huombwa bila malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa wazazi wake. Kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji hati ya makazi wala ya uhamiaji.

Antibayotiki zimezwe kama daktari alivyoagiza, zisigawiwe kwa mwingine, wala zisicheleweshwe kwa ajili ya saumu: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye. Kikohozi huweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona. Pumzi zikizidi kuwa nzito badala ya kutulia, mgonjwa arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.