Hija ya Miguu Hadi Namugongo

Neno "hija" limetoka Kiarabu. Anayehiji ni hujaji. Wakiwa wengi, mahujaji. Waislamu huhiji Makka, lakini Wakristo nao wana hija zao.

Kila mwaka kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda. Wakishavuka mpaka Busia au Malaba, huenda Jinja, hupenya msitu wa Mabira, kisha vilima juu chini, wafike kabla ya tarehe 3 Juni. Siku hiyo, mwaka wa 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga, sababu walikataa kuiacha imani. Kizito alikuwa na miaka 14 hivi.

Mimi nina 16. Kutoka Njiru hadi shuleni natembea pia, lakini huo ni mwendo tu. Mwendo hugeuka hija ukiwa na nia.