SOMO: DISKI NDOGO NA LINUX

Vikundi vya Kitengela na Kajiado mjini vimetuuliza swali moja: kompyuta kuukuu iliyolala kwenye kona ya ofisi inaweza kufanya kazi tena? Mara nyingi inaweza. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida, na mashine nyingi haziwezi kubeba Windows 11. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, hailipiwi. Lakini nayo inataka mahali pa kukaa, na diski za mashine hizi ni za GB 20 au 40, basi.

Kabla ya kugusa chochote, okoeni daftari za kikundi. Ukiiambia Linux ichukue diski nzima, kila kitu kilichokuwemo kinafutwa. Tuseme mashine ni ya kamati ya maji, na ndani mna majina ya waliolipia mita na akiba ya akina mama ya miaka 6. Kijana anabonyeza mara moja, yote yameenda, na ugomvi unaanza hapo. Kwa hivyo nakilini kwenye flashi mbili, si moja. Zifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama faili zinasomeka. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Flashi ya kuwekea Linux iwe ya tatu, maana nayo hufutwa inapotayarishwa.

Sasa angalieni mashine ni ya biti 32 au 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashine ya biti 32. Hiyo itumie Debian 12, au antiX ambayo ni nyepesi zaidi. Msishangae pia diski ya GB 20 ikionekana kama 18.6. Hakuna aliyewaibia. Mwenye kiwanda anahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Tena Linux hujiwekea sehemu 5 katika kila 100 ili mashine isikwame diski ikijaa. Iacheni hiyo.

Kazi kubwa ni kugawa diski. Hapa Kitengela sote tumeona shamba la malisho likikatwa ploti za 50 kwa 100 mpaka ng'ombe hana pa kupita. Diski ndogo ukiikata vipande vingi mambo ni yale yale: kipande cha programu kimejaa, kipande cha faili kina GB 3 zimekaa bure, na haviwezi kusaidiana. Vitabu vingi husema faili za watu zitengwe na mfumo, na kwa diski kubwa ni shauri zuri, kwa sababu unaweza kuweka mfumo upya bila kugusa barua zako. Kwa GB 20 sisi tunaona ni afadhali kipande kimoja cha vyote, na pembeni GB 1 au 2 za swapu, yaani mahali kumbukumbu ya mashine inapomwaga mzigo ikielemewa. Kuweka Windows na Linux pamoja kwenye diski hiyo, hapana. Chagueni moja.

Debian ikiwa na madirisha na picha huomba kama GB 10. Inapouliza mnataka sura gani, ondoeni alama kwenye GNOME, ambayo huja imeshachaguliwa, muweke LXQt au Xfce. Michezo na programu za video zisubiri. Cha muhimu kwa kikundi ni LibreOffice kwa barua na hesabu, na kivinjari kimoja. Kusema kweli, kivinjari ndicho mlafi: mashine yenye kumbukumbu ya GB 1 itafungua barua pepe polepole, na kurasa nyingi kwa pamoja zitaishinda hata diski ikiwa na nafasi.

Baada ya wiki chache nafasi huanza kupotea, na watu husema ati ni virusi. Kumbe kila programu iliyoshushwa kutoka kwenye intaneti huweza kuacha furushi lake nyuma. Andikeni df -h muone kilichobaki. Kisha, kwa idhini ya msimamizi, apt clean hufuta mafurushi hayo, na apt autoremove huondoa vitu visivyohitajika tena. Someni orodha yake kabla ya kukubali. Kumbukumbu za mfumo zinapunguzwa kwa journalctl --vacuum-size=50M. Picha za harusi na sinema zihamie flashi. Msingoje ifike asilimia 100, kwa maana mashine iliyojaa kabisa inaweza kukataa kuwafungulia skrini ya kawaida, na stima ikipotea katikati ya kuhifadhi hesabu, mambo huwa mabaya zaidi.

Mashine iliyokufa kabisa isitupwe kwenye jalala wala kuchomwa. Kituo cha WEEE kule Nairobi hupokea taka za umeme.

Ya kujadiliana kikundini: Ni faili zipi kwenye kompyuta yetu ambazo tukizipoteza leo hatuwezi kuzipata tena? Nani anazo nakala zake, na mara ya mwisho zilifunguliwa lini? Na nani, mbali na kijana mmoja anayejua, atafundishwa kuandika df -h kila mwisho wa mwezi?