Mipaka ya Takwimu katika Kuufasiri Mchezo wa Kandanda

Mnamo tarehe 18 Machi 1950, Mwingereza Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga, alianza kunakili kila pasi iliyopigwa katika mechi ya Swindon Town. Mwaka 1968, yeye na mwanatakwimu Bernard Benjamin walichapisha makala iliyotokana na kumbukumbu za mechi nyingi. Reep alikuwa amegundua kwamba takriban mabao manane katika kila kumi hutokana na mashambulizi yenye pasi zisizozidi tatu. Kwa hivyo, alishikilia kuwa timu itakayo mabao sharti iupeleke mpira mbele upesi. Ushauri wake uliwafikia makocha, akiwemo Stan Cullis wa Wolverhampton.

Hoja hii ina dosari ya kimantiki. Katika kumbukumbu hizo hizo, zaidi ya mashambulizi tisa katika kila kumi yalikuwa mafupi, maadamu mpira hupokonywa haraka. Ikiwa mashambulizi tisa mafupi huleta mabao manane, na moja refu huleta mawili, ni lipi lenye tija? Mwaka 2005, Mike Hughes na Ian Franks walizichunguza fainali za Kombe la Dunia za 1990 na 1994, wakabaini kuwa timu zilizofanikiwa zilinufaika zaidi na mfululizo mrefu wa pasi. Reep hakukosea kuhesabu, alikosea kufasiri.

Hata hivyo, ipo mipaka ambayo ufasiri mwema pekee hauwezi kuivuka. Tarehe 7 Novemba 2012, jijini Glasgow, Barcelona iliumiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mechi, ilhali Celtic ndiyo iliyoshinda 2-1. Mkenya Victor Wanyama alifunga kwa kichwa kutokana na mpira wa kona. Katika dakika ya 83, Xavi aliukosa mpira mrefu wa kipa, naye Tony Watt akachomoka nao na kufunga. Celtic ilikuwa imejipanga mbele ya lango lake kwa makusudi, ikawaachia wageni eneo lisilo na madhara makubwa. Jedwali halina safu ya kuonyesha uamuzi kama huo, wala ya bahati, ambayo kwa hakika ilikuwapo. (Hapa neno "kumiliki" lenyewe linapotosha: amilikiye kitu huwa na mamlaka juu yake, lakini mwenye mpira huenda ndiye anayeongozwa na mpinzani.)

Jumla nayo huuficha wakati. Tarehe 8 Julai 2014, Brazil ilipiga mikwaju 18 dhidi ya 14 ya Ujerumani, ikafungwa 7-1. Mabao manne kati ya hayo yaliingia baina ya dakika ya 23 na ya 29. Mikwaju ya Brazil iliyofuata ilipigwa na timu iliyokwisha kushindwa, ingawa katika hesabu kila mmoja una uzito sawa na ule wa dakika ya kwanza.