Mapigo Nyumbani: Namna ya Kuyajua na Mahali pa Kutafuta Msaada



Kila mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi anajua somo hili. Baada ya kulipua mawe, hakuna anayeingia mara moja. Kwanza moshi utoke. Kisha mtu mwenye ujuzi anashika mtalimbo na kugonga paa la mgodi. Jiwe zima linalia kama chuma. Jiwe lililopasuka linatoa sauti ya utupu, nalo linaangushwa kwanza, mbele ya watu kupita chini yake. Hakuna mfanyakazi anayesema: «Jiwe hilo si langu, halinihusu.»

Lakini jioni tukiwa katika kampi tunasikia sauti mbaya katika nyumba ya jirani. Sahani zinavunjika, mama analia, watoto wanakimbilia inje. Sisi tunafunga dirisha na kusema: «Ni mambo ya bwana na bibi yake.» Kwa nini tunanyamaza hapa, sisi tusionyamaza kule kazini? Leo tujifunze juu ya hatari hii inayokaa ndani ya nyumba.

1. MAPIGO NI NINI?

Watu wengi wanafikiri ya kuwa jeuri nyumbani ni ngumi na fimbo tu. Sivyo. Iko namna nyingi:

— kupiga, kusukuma, kuchoma moto, kukaba shingo;
— kutukana kila siku, kuhaibisha mtu mbele ya watoto, kumtisha kwa kisu;
— kumlazimisha mtu katika kitanda akiwa hataki;
— kushika feza yote ya chakula, kumnyima bibi feza ya dawa, kumkataza kufanya biashara yake ndogo sokoni;
— kumfungia ndani, kumkataza kuona wazazi na ndugu zake.

Ugomvi si kitu kimoja na jeuri. Watu wawili wanaokaa pamoja watagombana tu, leo juu ya chumvi, kesho juu ya shemeji. Katika ugomvi, kila mmoja anasema neno lake na hakuna anayemwogopa mwenziwe. Katika jeuri, mmoja anatawala kwa woga. Jiulize: je, bibi yangu akisikia mlango unafunguka, anafurahi ama anatetemeka?

Jambo hili si la kampi yetu peke yake. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2021 ya kuwa karibu mwanamke 1 kwa 3 duniani amepigwa ama amelazimishwa kwa jeuri katika maisha yake, na mara nyingi ni mtu wa nyumba yake aliyefanya hivyo. Katika inchi yetu, uchunguzi mkubwa juu ya watu na afya uliofanywa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 walikwisha kupigwa tangu walipofika miaka 15. Wako wanaume pia wanaopigwa nyumbani na kunyamaza kwa sababu ya haya. Maneno ya ukurasa huu ni yao vilevile.

2. NJIA YA HATUA TATU

Tutoe mfano. Bwana K. anatoka posti ya usiku amechoka. Siku tatu nne anakaa na uso wa giza: bukari ni baridi, watoto wanapiga kelele, shati halikupigwa pasi. Bibi yake anatembea polepole ndani ya nyumba kama mtu anayepita chini ya paa bovu. Siku ya tano, kwa neno dogo, Bwana K. anampiga mpaka damu. Kesho yake analia, anaomba msamaha, anamnunulia kikwembe kipya. Juma mbili nyumba inakuwa na amani. Kisha uso wa giza unarudi.

Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Marekani, Lenore Walker, aliandika kitabu juu ya wanawake wanaopigwa, akaeleza hatua hizo tatu: hasira inajaa, hasira inapasuka, kisha inakuja siku za utamu. Si kila nyumba inafuata njia hiyo sawasawa. Lakini mama anayeijua hatadanganywa na kikwembe. Siku za utamu si mwisho wa jeuri kama mtu mwenyewe hakugeuza mwendo wake. Na mara nyingi, kila duru ikirudi, mapigo yanazidi na siku za utamu zinapungua.

3. «NI POMBE TU»

Watu wanasema: «Bwana huyu ni mzuri, ni lutuku tu inayompiga bibi yake.» Tufikiri vizuri. Bwana K. akilewa, je, anampiga kapita wake? Anampiga polisi barabarani? Hapana. Anapita mbele yao kwa heshima, anangoja kufika nyumbani. Basi akili yake ilikuwapo. Pombe inaongeza moto, lakini si yenyewe iliyowasha moto huo. Ni vivyo hivyo kwa uchovu, na kwa mshahara unaochelewa. Wafanyakazi wengi wanachoka, wanakosa feza, wala hawanyoshi mkono juu ya mtu.

Wengine wanasema: «Nilitoa mahari.» Mahari inaunganisha jamaa mbili. Hainunui mgongo wa mtu.

4. KWA NINI HATOKI?

Hili ni swali la jirani: «Kama anaumia, kwa nini anakaa?» Sisi wa kampi za migodi tunapaswa kulijibu kuliko watu wengine. Tangu miaka ya 1920, kompani kubwa ya shaba ya Katanga ilianza kuleta bibi na watoto wa wafanyakazi katika kampi. Nyumba, mposho, hospitali na masomo, vyote vilitolewa kwa jina la bwana. Hata leo mama wengi wanaokaa katika nyumba za kompani wanafikiri: «Nikimshitaki, atafukuzwa kazi. Nyumba itachukuliwa, watoto watatoka masomo, nitakwenda wapi?» Mwingine anaogopa ya kuwa jamaa yake itaombwa kurudisha mahari. Mwingine bado anampenda bwana wake, na anataka mapigo tu yaishe.

Basi usimwite mjinga. Anahesabu hatari mbili na kuchagua ile anayoijua. Kazi yetu ni kumwonyesha njia ya tatu.

5. SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, inaagiza wakubwa wa inchi wapigane na kila namna ya jeuri juu ya mwanamke, katika maisha ya watu wote na katika maisha ya nyumbani. Neno «nyumbani» limo. Haiko sheria inayosema ya kuwa mlango wa nyumba unazuia sheria kuingia.

Kanuni ya makosa, tangu mwaka 1940, inaazibu mtu anayempiga mwenziwe, na haimtoi bwana anayempiga bibi yake. Kwa mapigo ya kawaida, kifungo ni siku 8 mpaka miezi 6. Kama mapigo yameleta ugonjwa, ama yamemzuia mtu kufanya kazi, ama yameharibu kiungo cha mwili, ni miaka 2 mpaka 5. Kama mtu amekufa, ijapokuwa mpigaji hakukusudia kuua, ni miaka 5 mpaka 20.

Zamani, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Tena, kama bwana hatoi feza ya nyumba, bibi anaweza kuomba tribinali ya amani imruhusu kupokea sehemu ya mshahara ya kulisha nyumba. Mama wengi hawajui jambo hili. Wafahamishe.

6. ALAMA ZA HATARI KUBWA

Kama paa la mgodi linavyotoa sauti mbele ya kuanguka, nyumba nayo inatoa alama. Usingoje tena ukiona moja ya hizi:

— Amekukaba shingo, hata mara moja. Mtu aliyekabwa anaweza kufa saa nyingi baadaye, hata kama shingo haina alama. Kwenda hospitali siku ileile.
— Anatisha kukuua, ama kujiua yeye mwenyewe.
— Anashika kisu, panga ama chuma.
— Anakupiga ukiwa na mimba.
— Mapigo yanakuja mara nyingi zaidi kuliko zamani.
— Anakufuata kila mahali kwa wivu.

Ujue pia ya kuwa saa ya hatari kuliko zote ni ile bwana anaposikia ya kuwa bibi anataka kutoka. Kwa hiyo usimtangazie. Jitengeneze kwanza.

7. WEWE UNAYEPIGWA: FANYA HIVI

Mbele ya hatari. Chagua mtu mmoja wa kuaminika, jirani ama ndugu, umwambie kweli yote. Wekeni alama kati yenu: kwa mfano, mtoto akija kuomba chumvi usiku, maana yake ni «Iteni watu.» Weka kwake karatasi zako: hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya uchaguzi, kadi ya hospitali, na feza kidogo ya safari. Hasira ikianza kupanda, usikimbilie jikoni: kule kuna visu, mchi na mbabula yenye moto. Kaa karibu na mlango wa inje. Wafundishe watoto kukimbia kwa jirani, wasiingie katikati.

Baada ya mapigo. Hospitali kwanza. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri kutunza afya ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Basi matunzo hayo ni haki yako, si zawadi ya bwana wako. Usimwambie munganga: «Nilianguka.» Mwambie: «Nilipigwa, na fulani, siku fulani.» Umwombe cheti chenye tarehe na maelezo ya vidonda. Karatasi hiyo itasema kwa ajili yako wakati alama za mwili zitakapokuwa zimekwisha.

Kama umelazimishwa kwa jeuri, fika hospitali mbele ya saa 72 kupita, na ukiweza usioge wala kufua nguo ulizovaa. Katika saa hizo 72 munganga anaweza kukupa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inafaa mpaka saa 120, lakini kufika mapema ni bora.

Kisha polisi. Eleza siku, saa, mahali na majina ya walioona. Uulize kama iko sehemu inayoshugulika na mambo ya wanawake na watoto. Polisi wakikataa kukusikiliza, unaweza kupeleka mashitaka yako parke wewe mwenyewe. Kama msichana ameharibiwa na mtu wa jamaa, sheria ya Julai 2006 hairuhusu mambo yamalizwe kwa kulipa amendi.

Wazee wa jamaa, wakubwa wa dini, wasaidizi wa jamii wa kompani, vyama vya wanawake: hao nao ni msaada. Wazee wanaweza kupatanisha ugomvi. Lakini kama damu imemwagika, baraza la wazee halichukui nafasi ya munganga wala ya tribinali. Pale Bukavu, hospitali ya Panzi ya Munganga Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imeonyesha njia: mtu aliyeumizwa anapewa pamoja matunzo ya mwili, matunzo ya roho, msaada wa sheria, na kazi ya kumlisha. Kimoja peke yake hakitoshi.

8. WEWE JIRANI

Usiku unaposikia kelele, usiende peke yako kushika mkono wenye kisu. Ita watu wawili watatu, gonga mlango, ita jina la bwana kwa sauti, hata ukisema umekuja kuomba moto. Ita walinzi wa kampi ama polisi. Kesho yake, mama akiwa peke yake, umwambie maneno matatu: «Nilisikia. Si kosa lako. Mlango wangu uko wazi.» Usimpe amri ya kutoka ama ya kukaa, yeye ndiye anayejua hatari ya nyumba yake. Na maneno yake usiyapeleke kisimani.

9. NA WEWE UNAYEPIGA

Ndugu, ukurasa huu haukuandikwa ili ufungwe. Lakini usikie: watoto wako wanatazama. Mtoto anayeona mama yake akipigwa analala vibaya, anashindwa masomoni, na anaweza kujifunza ya kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Nawe ukienda kazini baada ya usiku wa vita, hukulala, mikono inatetemeka, wenzako wanapita chini ya mashini unayoiongoza.

Hasira ikipanda, toka inje mbele ya kuinua mkono, tembea mpaka mwili upoe. Acha pombe kama inaongeza moto. Sema kweli mbele ya mtu mmoja unayemheshimu, ama mbele ya munganga, bila kusema «lakini yeye alinichokoza.» Kama bibi yako amekwenda kwao, usimfuate kwa nguvu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ugomvi na jeuri vinaachana wapi?
2. Kwa nini cheti cha munganga ni cha lazima?
3. Saa 72 ni za nini?
4. Katika barabara yetu, ni mlango gani unaoweza kufunguliwa usiku?

Swali la mwisho usilijibu kwa mdomo tu. Nenda leo kumwuliza jirani mwenyewe, ili siku mtoto atakapokuja kuomba chumvi, mtu awe macho.