Jeraha la Mchezo: Kiungo Kilichoumia Leo Kisikandwe Leo

Kijitabu cha afya kwa nyumba za Modogashe na vitongoji vyake

1. Kimeandikiwa nani

Wazazi, walimu wa michezo, manahodha wa timu, na kila mzee aitwaye kutazama mguu wa kijana baada ya mpira.

2. Jambo linalotusumbua

Jua likishapungua ukali na vijana wakatoka kucheza kandanda katika viwanja vyetu vya mchanga, wengine kwa viatu vya plastiki na wengine miguu mitupu, hazipiti siku nyingi ila mmoja hukanyaga shimo, kifundo kikapinduka au muundi ukapigwa teke. Hapo, kabla hajafika tabibu, na aghalabu kabla kijana hajanyamaza kulia, hutolewa mafuta ya simsim, mmoja akamshika mabega, wa pili akauvuta mguu, wa tatu akaukanda kwa nguvu zake zote, kisha ukafungwa vibanzi na vitambaa vilivyokazwa kwa fundo juu ya fundo. Tunaletewa mtoto siku ya nne: mafuta bado yanang'aa gotini, vidole ni baridi na vyeusi, naye hasikii tukivibinya. Mguu wa namna hiyo aghalabu hukatwa, hali mfupa wenyewe ungaliunga kwa plasta na subira.

Kiungo kilichoumia leo kisikandwe leo.

Hatuwadharau wakandaji wala wazee waunga mifupa, maana wengi wao wana ustadi na nia safi. Lakini mkono, ujapokuwa na ustadi wa namna gani, hauoni mfupa uliopasuka chini ya uvimbe, na mfupa uliopasuka ukikandwa husogea, hukata nyama na mishipa, na jeraha la wiki sita likawa kilema cha maisha.

3. Lifanywalo papo hapo

Mtoe uwanjani, hata akisema anaweza kuendelea.

Mlaze, uinue mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, upite kimo cha kifua.

Upoze kwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 au 3. Pasipo barafu, chovya leso katika maji ya mtungi, izungushe bila kubana, uipepee. Usiweke maji ya moto, mafuta ya kuchoma wala chuma cha moto katika siku 3 za kwanza.

Usikande. Usivute. Usimtembeze ili "mguu uzoee".

4. Asingoje asubuhi

Apelekwe hospitali hima mwenye moja katika haya: hawezi kutembea hatua nne, kiungo kimepinda, mfupa umetokeza nje, vidole vina ganzi, baridi au vimebadilika rangi, maumivu yanazidi badala ya kupungua, au amegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akasema maneno yasiyoeleweka. Pasipo eksirei mtapewa barua ya kwenda Garissa au Isiolo. Msiirudishe nyumbani barua hiyo kungoja shauri la ukoo.

Safari ikiwa ndefu, laza mguu kama ulivyo, weka vijiti viwili vilivyonyooka na nguo laini katikati, ufunge juu na chini ya jeraha, si penye jeraha lenyewe, kwa kiasi cha kidole kupenya. Asipakiwe nyuma ya pikipiki mguu ukining'inia.

5. Kama mguu umekwisha fungwa

Tazama vidole kila saa. Binya ukucha, uuachie: rangi isiporudi mara moja kama ya mguu wa pili, au akilia kwamba vinachoma au vinakufa ganzi, fungua vitambaa vyote papo hapo, usiku au mchana, hata kama aliyevifunga ameagiza visiguswe siku saba. Mguu huharibika kwa saa chache tu. Ukisha kufungua, nenda hospitali, usifunge tena.

6. Shingo na mgongo

Ufundi wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, uitwao kiropraktiki, ulianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895, nao umefika Nairobi, ambako baadhi ya wachezaji huuendea kwa maumivu ya kiuno. Wenye ufundi huo husoma miaka kadhaa, hufundishwa kuuliza na kupima kabla ya kugusa, na mwenye mfupa uliovunjika au miguu iliyolegea humpeleka hospitali. Basi kijana aliyeona katika simu shingo ikizungushwa mpaka ikalia asimfanyie mwenzake. Aliyeanguka kwa shingo asiinuliwe wala asikalishwe. Ashikwe kichwa kisitikisike, aitwe mhudumu.

7. Dawa

Parasetamoli yatosha kwa siku za kwanza. Diklofenaki na brufeni hazimezwi na tumbo tupu. Katika Ramadhani zimezwe baada ya kufuturu, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asizitumie pasipo kumwuliza tabibu. Sindano ya kuondoa maumivu ili acheze fainali ni dhuluma kwa mtoto.

8. Kupona

Kifundo kilichoshtuka kidogo huchukua wiki 1 hadi 2. Kilichokatika kano, wiki 6 hadi 12. Muundi uliovunjika, miezi 3 au zaidi. Uvimbe ukipungua, na tabibu akishathibitisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika, kijana akae juu ya kiti, mguu hewani, aandike alifu, be, te kwa kidole gumba kama mtoto wa duksi juu ya loho, mara tatu kwa siku. Wakati huo ndipo mkandaji anapokaribishwa, na akande taratibu.

9. Kurudi uwanjani

Atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30, aruke kwa mguu huo pasipo maumivu, akimbie akikata kona. Akishindwa na moja, bado.

10. Kwa wazee waunga mifupa

Mkiitwa, semeni ninyi kwanza: "Apelekwe akapimwe." Neno lenu husikilizwa nyumbani kuliko letu.

11. Gharama

Jiandikisheni katika SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyoshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, leo mkiwa wazima.

12. Bandikeni ukutani

Kiungo kilichoumia leo kisikandwe leo, kisivutwe leo, wala kisifungwe kwa kubanwa.