Tripu Ngapi? Kupima Moramu na Kokoto za Njia ya Nyumbani

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mwenye njia ya udongo mwekundu, awe Iringa au Mbeya, anajua maana yake: tope hadi mlangoni, na gari linaloishia kusukumwa. Kabla ya hapo watu huuliza bei ya moramu, na jibu huwa "tripu mbili, tatu zitatosha". Tripu si kipimo. Kipimo ni mita ya ujazo.

Naipataje mita ya ujazo?
Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote vikiwa katika mita. Wengi hukosea kwenye kina: sentimita 10 ni mita 0.1, na sentimita 5 ni 0.05. Njia ya gari yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3 ina mita za mraba 60. Moramu ya sentimita 10 itakuwa mita za ujazo 6, na kokoto za sentimita 5 juu yake zitakuwa 3.

Mbona fundi ananiambia niongeze?
Yuko sahihi. Moramu hufika ikiwa imelegea, na ikishindiliwa hushuka. Ongeza kama asilimia 30: zile 6 ziwe 7.8. Kokoto hazishuki sana, asilimia 10 inatosha, hivyo agiza 3.3.

Lori la tani 7 linabeba kiasi gani?
Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Usikubali jina la lori, pima bodi lake. Tuseme lina urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2 na kina cha mita 0.6. Likijaa, lina mita za ujazo 4.2, kwa hiyo moramu yetu ni tripu mbili. Lakini mzigo ukiishia sentimita 45, umeletewa 3.15 tu. Umepungukiwa na ndoo zaidi ya 50 za lita 20, kwa kila tripu! Mwombe dereva mzigo usawazishwe, upime kwa futikamba, ndipo umwagwe. Ukishamwagwa chini, ubishi hauna mwisho.

Tani nazo zinadanganya. Mita ya ujazo ya kokoto za mawe magumu, kama itale ya Iringa, ina uzito wa kama tani moja na nusu. Mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, yale yanayoweza kuelea majini, ni mepesi mno kuliko hayo, na tairi huyasaga upesi. Yaweke kwenye kijia cha bustani, si pale gari linapopita.

Kwangu ni mteremko. Hesabu inabadilika?
Kidogo. Vuta futikamba juu ya ardhi yenyewe, ukifuata mteremko. Kinachobadilika zaidi ni maji. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Iringa mjini haifikii nusu yake, lakini hata mvua ya Iringa inatosha kuhamishia kokoto zako kwa jirani wa chini. Chimba mfereji pembeni kwanza, na njia iinuke kidogo katikati. Chagua kokoto zilizopondwa, zenye kona, kwa sababu hushikana. Za mviringo za mtoni huviringika.

Na njia ya miguu tu?
Hiyo haihitaji lori. Kijia cha mita 15 kwa mita 1, kina cha sentimita 5, ni mita za ujazo 0.75. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, hivyo unahitaji ndoo 38, na 4 za nyongeza. Wanaoponda mawe kwa nyundo kando ya barabara wanaweza kukuuzia kiasi hicho. Nenda na ndoo yako mwenyewe.