Jipu la Ukeni

Mama msomaji, ugonjwa huu husemwa kwa kunong'ona. Wengi huuficha mpaka washindwe kukaa. Sisi tutausema wazi, maana tuko darasani.

Kila mwanamke ana tezi mbili karibu na mlango wa uke, moja kulia, moja kushoto. Ni ndogo kama punje ya mahindi. Kazi yake ni kutoa majimaji ya kulainisha uke. Majimaji hayo hupita katika kijifereji chembamba. Kijifereji kikiziba, majimaji hujaa, na uvimbe hutokea upande mmoja. Mara nyingi uvimbe huo hauumi. Lakini vijidudu vikiingia, huwa jipu. Hapo hata kutembea ni taabu.

Huu si uchawi. Wala mume asianze ugomvi, kwani si lazima uwe umetokana na zinaa. Hata hivyo kisonono nacho huweza kuleta jipu hili. Pimweni wote wawili.

Ufanye nini? Chemsha maji, uyaache yawe vuguvugu, uyatie katika beseni safi. Kaa ndani yake dakika 10 hadi 15. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 au 4. Jipu dogo huweza kupasuka lenyewe. Usilikamue. Usilitoboe kwa wembe wala mwiba.

Ukipata homa, au maumivu yakizidi, au usipopata nafuu, nenda zahanati. Ikibidi watakupeleka hospitali, Bunda, Butiama au Musoma. Huko watakutia ganzi, watapasua na kutoa usaha. Ukipewa vidonge, vimalize. Mja mzito asingoje. Mwenye miaka zaidi ya 40 akiona uvimbe mpya, asingoje hata kama hauumi. Lazima aangaliwe kama si saratani.

Kuna jambo jingine katika mkoa wetu wa Mara. Aliyekeketwa huweza kuota uvimbe kwenye kovu, hata baada ya miaka mingi. Ngozi iliyofukiwa ndani ya kovu hutoa uchafu, na uchafu hauna njia. Maji ya vuguvugu hayauondoi uvimbe huo. Huondolewa hospitali. Usiogope kwenda, aliyekeketwa hana kosa. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Anayemkeketa, au mzazi anayempeleka, huweza kufungwa miaka 5 hadi 15.

Zungumzeni darasani:
1. Kwa nini jipu hili lisitobolewe nyumbani?
2. Kijijini kwenu, nani humsindikiza mama zahanati?
3. Uvimbe wa kwenye kovu hutokeaje?